Negativu ya kugusanisha ni nini, na kwa nini jicho halitoshi kuipima

Negativu ni picha iliyogeuzwa, weupe ukawa weusi na weusi ukawa weupe. Negativu ya kugusanisha ni ile ambayo ukubwa wake ndio ukubwa wa picha itakayotoka. Hailengwi na lenzi wala haikuzwi na mashine. Inalazwa moja kwa moja juu ya karatasi iliyopakwa kemikali, vyote viwili vinabanwa chini ya kioo ndani ya fremu, kisha fremu inaanikwa juani au chini ya taa za urujuanimno, miale isiyoonekana kwa macho. Ukitaka picha ya sentimita 20 kwa 25, na negativu iwe ya 20 kwa 25.

Sababu ya kufanya hivyo imo katika kemikali zenyewe. Sayanotipia, ile picha ya buluu aliyoivumbua John Herschel mwaka 1842, hutumia chumvi za chuma. Chapa ya platinamu, ambayo William Willis aliipatia hataza mwaka 1873, nayo huanza na chuma. Chumvi hizi ni nzito kuamka. Mwanga wa kawaida wa balbu hauzisumbui sana, zinataka urujuanimno, tena kwa dakika kadhaa. Mashine ya kukuza picha haina nguvu hiyo, na hata ingekuwa nayo, vioo vya lenzi yake vingezuia sehemu kubwa ya miale inayohitajika. Ndiyo maana negativu na karatasi hugusana.

Hapo ndipo wengi hukwama, nami nilikwama muda mrefu. Nilikuwa na negativu iliyonipa picha safi kabisa kwenye karatasi ya kawaida ya chumba cha giza. Nikaiweka juu ya karatasi ya chumvi ya fedha, ambayo nayo huchapwa kwa kugusanisha, nikaianika, nikaiosha. Ikatoka kijivu kama jivu la juzi: mahali palipopaswa kuwa peupe pamechafuka, na weusi haukukolea. Nikabadili karatasi, nikachanganya dawa upya, nikasubiri jua kali zaidi, na matokeo yakawa yale yale. Kosa lilikuwa kwenye negativu. Haikuwa mbaya, ila ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi nyingine.

Ichukulie negativu kama chujio la mwanga. Palipo wazi, miale hupita na karatasi hukolea. Palipo pazito, miale huzuiwa na karatasi hubaki nyeupe. Uzito huo hupimwa kwa namba za ukolevu: 0.3 hupitisha karibu nusu ya mwanga, 1.0 hupitisha sehemu 1 kati ya 10, na 2.0 hupitisha sehemu 1 tu kati ya 100. Karatasi ya kawaida huridhika na tofauti ya kama 1.0, au zaidi kidogo, kati ya sehemu nyepesi na sehemu nzito ya negativu. Karatasi ya chumvi ya fedha hutaka tofauti inayokaribia 2.0. Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza "negativu nzuri ikoje?", muulize kwanza anachapa kwa njia gani.

Siku hizi wengi hutengeneza negativu kwa kompyuta na printa ya wino, juu ya plastiki angavu. Picha hugeuzwa rangi, nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe, kisha hupinduliwa kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu upande wenye wino ndio utakaogusa karatasi. Usiupuuze upinduaji huo. Ukilaza plastiki kwa upande usio na wino, unene wake hukaa katikati, mwanga hutawanyika pembeni, na kope za mtu pichani, zilizokuwa kali kama sindano, hupoteza makali.

Kazi yenyewe hasa ni kupima, na mimi huanza na plastiki tupu. Kipande kisicho na wino hulazwa juu ya karatasi iliyopakwa dawa, nayo hufunikwa kidogo kidogo kila baada ya dakika moja. Karatasi ikishaoshwa na kukauka, hutazama michirizi: kuna mahali ambapo mchirizi mmoja na ule unaofuata vimelingana kwa weusi. Muda mfupi zaidi uliofikia hapo ndio muda wangu. Siubadilishi tena, hata picha ikinitia tamaa.

Baada ya hapo huchapa ngazi ya vijivu, kutoka uwazi kabisa hadi wino mzito, na kuianika kwa muda ule ule. Kwa kawaida vijivu vya katikati havitoki kama vilivyo kwenye skrini, pengine ngazi tano za mwisho zote zimekuwa nyeupe tupu. Tofauti hizo ndizo zinazoingizwa kwenye mkunjo wa marekebisho, yaani maelekezo yanayoiambia programu iongeze wino hapa na kuupunguza pale kabla ya kuchapa negativu.

Usiziamini namba za skrini wala jicho lako. Wino unaoonekana mwepesi machoni, hasa wenye rangi ya manjano au kijani, unaweza kuizuia miale ya urujuanimno vikali kuliko wino wa kijivu unaoonekana mzito. Nimeshika negativu ya rangi ya chungwa iliyoonekana dhaifu kabisa, nikaidharau, nayo ikatoa weupe safi kuliko nyingine zote mezani. Karatasi ndiyo inayojua.

Jambo dogo la mwisho: hakikisha karatasi imekauka kabisa kabla ya kuilazia negativu. Unyevu huyeyusha wino, na chumvi ya fedha huacha doa la kahawia ambalo halitoki. Na ukibadili karatasi, dawa au taa, mkunjo ule haufai tena. Kata kipande kingine cha plastiki tupu, uanze na michirizi.