Kipaumbele cha data: aaminiwe nani njiani kwenda mwezini?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo cha Apollo cha kutua mwezini kilikuwa nao watatu. Wa kwanza ni kompyuta kuu ya uongozaji. Wa pili ni kompyuta ndogo ya akiba, iliyowekwa ili ya kwanza ikifa wanaanga waweze kukatiza kutua na kupanda juu. Wa tatu ni Houston, kituo cha uongozaji cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichokokotoa mwendo wa chombo kutokana na mawimbi ya redio yaliyonaswa na antena kubwa zilizotawanywa duniani. Kila mmoja alitoa hesabu yake, na hesabu hizo hazikulingana sawasawa. Aaminiwe nani?

Kulijibu swali hilo mapema, chombo kikiwa bado ardhini, ndiko kulikoitwa kipaumbele cha data. Mwaka 1967 NASA ilimkabidhi kazi hiyo mhandisi Bill Tindall. Aliwakutanisha wahandisi, waongozaji wa ardhini na wanaanga, wakabishana mpaka wakaafikiana, kisha akatoa waraka. Nyaraka zake hazikuwa na ukavu wa kiofisi, na wenzake wakazibatiza jina lake.

Ukisikia mpango wa safari unaweza kudhani ni ratiba: saa fulani washa injini, saa fulani mle. Ratiba ilikuwepo, ila kwangu hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Uzito ulikuwa kwenye neno “ikiwa”. Ikiwa hesabu zinapishana, tuvumilie mpaka wapi? Nani mwenye kauli ya mwisho?

Tazama Apollo 11, tarehe 20 Julai 1969. Chombo kilipoanza kushuka, Steve Bales, kijana wa miaka 26 aliyekuwa kwenye meza ya uongozaji Houston, aliona kompyuta ya chombo inapishana na hesabu ya ardhini kwa futi 20 kwa sekunde, yaani kama mita 6. Kanuni ilisema: ikifika futi 35, katiza. Tofauti ikaganda palepale. Maana yake kompyuta haikuwa inaharibika. Ilianza tu ikiwa na picha isiyo sahihi ya mahali ilipo. Wakaendelea, wakatua kilomita kama 6 kupita palipokusudiwa.

Katikati ya mteremko huohuo ikalia hadhari namba 1202: kompyuta imezidiwa na kazi. Mwanzoni mwa Julai hiyo, kwenye mazoezi, hadhari ya jamii hiyo ilimfanya Bales akatize kutua, na ikabainika hakukuwa na haja. Mkuu wa zamu, Gene Kranz, akataka kila hadhari iandikiwe kanuni, na mhandisi wa kompyuta Jack Garman akaiandaa orodha kwa mkono. Kwa hiyo siku yenyewe jibu lilikuwa tayari karatasini: endeleeni, mradi isilie mfululizo.

Hata maneno yalipimwa. Kabla ya kila hatua waongozaji waliulizwa “twende au tusiende?” Chombo kikishatua, swali likawa “tukae au tusikae?”, maana mwezini “nendeni” ingeweza kueleweka kuwa “ondokeni”.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya Apollo 12, Novemba mwaka huohuo. Ilitakiwa itue karibu na Surveyor 3, mtambo usio na watu uliokuwa pale tangu Aprili 1967. Kosa la mahali lingerekebishwaje wakati chombo kinashuka? Kubadilisha namba zote za mahali na mwendo kwa haraka hivyo ni hatari. Wakaamua kuidanganya kompyuta: isiambiwe kwamba imekosea, iambiwe kiwanja cha kutua kimehama. Namba moja tu. Houston ikatamka futi 4,200, mwanaanga Alan Bean akaziingiza, na chombo kikatua mita kama 160 kutoka kwa Surveyor. Kesho yake Bean na mwenzake Pete Conrad waliufikia mtambo huo kwa miguu, wakaikata kamera yake, wakarudi nayo duniani.