Ndege hupaaje? Hewa haina miadi ya kukutana nyuma ya bawa

Jumamosi moja tulikuwa ufukweni Kunduchi, mpwa wangu wa darasa la sita akanisogezea simu. "Mjomba, hebu tazama hii." Ilikuwa video ya dakika moja. Bawa la ndege limechorwa kwa ubavu, juu limebinuka, chini limenyooka. Sauti inaeleza kwa kujiamini: hewa ikifika mbele ya bawa hugawanyika, ya juu ina njia ndefu zaidi, kwa hiyo lazima ikimbie ili ikutane na ya chini kule nyuma. Hewa inayokimbia ina mgandamizo mdogo, basi ya chini hulisukuma bawa juu, ndege ikapaa. Muziki, kwisha.

Mtoto akaniuliza: "Sasa mjomba, hewa ya juu inajuaje kwamba mwenzake wa chini anaisubiri?"

Haijui. Hakuna kanuni yoyote ya fizikia inayolazimisha hewa iliyoachana mbele ya bawa ikutane tena nyuma. Nami nilichorewa bawa hilohilo kidato cha pili, nikalinakili kwenye daftari, nikalijibia mtihani na kupata alama. Ndiyo maana video hizi zinaniuma. Kosa lilikuwa vitabuni miaka mingi kabla ya intaneti; simu zimelipa kasi tu. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wenyewe wana ukurasa unaoitaja nadharia hii miongoni mwa nadharia potofu, na Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge amelionyesha jambo hili kwa macho: alipitisha moshi kwa vipindi kwenye bawa ndani ya bomba la upepo. Moshi wa juu haukukutana na wenzake. Ulifika nyuma ya bawa mapema, ukawaacha wa chini njiani.

Tuipigie hesabu. Chukua Cessna Grand Caravan, ndege ndogo ya safari kama za Dar na Zanzibar. Mabawa yake yana eneo la takribani mita za mraba 26, na ikijaa huwa na uzito wa karibu tani 4. Tuseme njia ya juu ya bawa inazidi ya chini kwa asilimia 2, na ndege inakwenda kilomita 340 kwa saa. Hewa ya juu ikiongeza mwendo kwa asilimia 2 tu ili iwahi miadi, kani inayopatikana inabeba chini ya kilo 600. Haiinui hata ndege tupu isiyo na abiria wala rubani.

Halafu kuna ndege za maonyesho zinazoruka kichwa chini. Kwa maelezo ya video, zingevutwa ardhini. Na ile ya ndugu wawili Wright, iliyoruka kwa sekunde 12 tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa na mabawa membamba ya kitambaa, juu na chini karibu urefu uleule.

Kwa mtu wa pwani ushahidi uko karibu zaidi. Tanga la ngalawa ni kitambaa kimoja, upande wa huku na wa kule ni sawasawa. Lakini nahodha akilivuta vizuri, chombo kinakwenda joshi, kinabisha kushoto na kulia hadi kifike kule upepo unakotoka. Hiyo ni kazi ileile ya bawa, limesimamishwa wima tu.

Basi ndege hupaaje? Bawa huinamishwa kidogo, mbele juu, na mara nyingi limepinda. Hewa inayopita huufuata mpindo huo na kutoka nyuma ikiwa imeelekezwa chini. Bawa linaisukuma hewa chini, hewa inalisukuma bawa juu. Ni kanuni ya tatu ya Newton. Rubani wa kichwa chini huinamisha bawa upande mwingine, hewa ikaendelea kushuka.

Na mgandamizo nao umo, tena ndio unaoligusa bawa lenyewe. Fikiria daladala ikikata kona: ili igeuke lazima kitu kiisukume kuelekea ndani ya kona, na hapo ni barabara kupitia matairi. Hewa haina barabara. Kinachoigeuza ni mgandamizo kuwa mkubwa upande wa nje wa kona na mdogo upande wa ndani. Juu ya bawa, upande wa nje ni anga iliyotulia kule mbali, wa ndani ni ngozi ya bawa. Kwa hiyo mgandamizo pale kwenye ngozi hushuka, na hewa inayoingia sehemu hiyo huongeza mwendo. Kanuni ya Daniel Bernoulli, ya mwaka 1738, inayounganisha mwendo wa hewa na mgandamizo wake, haina kosa. Video imeitungia chanzo cha uongo cha huo mwendo.

Kurahisisha si dhambi. Nami hapa nimeacha hesabu za kani halisi ya bawa, pamoja na kazi ya Kutta na Zhukovsky walioikokotoa mwanzoni mwa karne ya 20. Ila maelezo ya kona mtu anaweza kuyajengea juu yake akifika chuo. Yale ya miadi itabidi ayabomoe kwanza.

Video ya mpwa wangu ilikuwa na jaribio pia. Unashika ukanda wa karatasi mbele ya mdomo, unaning'inia kwa kupinda, unapuliza juu yake, unanyanyuka. Tukalifanya, ukanyanyuka, akanitazama kama aliyenishinda. Nikamwambia sasa aushike kwa juu, uning'inie wima, apulize upande mmoja kwenda chini. Kama mwendo peke yake ungetosha kupunguza mgandamizo, karatasi ingevutwa kuufuata upepo. Ilitikisika kidogo, ikabaki palepale.

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilipanda kwa sababu ilikuwa imepinda?"

"Ndiyo. Hewa ilifuata mpindo."

"Na kwa nini inaufuata? Si ingepita tu moja kwa moja?"

Nikamweleza kwamba hewa ina mnato kidogo, na kwamba bawa likiinamishwa mno, kwenye nyuzi 15 hivi, hewa hubanduka juu yake na ndege hupoteza nguvu ya kupaa. Akakaa kimya. Kisha akaichukua karatasi, akaipinda zaidi, akapuliza tena.