Skolashipu ya Goldwater: utafiti wako uonekane ni wako

Muhula wa vuli ukianza tu, wanafunzi wanaotaka kuomba skolashipu ya Goldwater hunijia na wastani wa alama zao mkononi. Nawaelewa, maana wamezisotea. Lakini katika kundi hili karibu kila mtu ana alama za juu, kwa hiyo hazitakupambanua na wenzako. Kitakachokupambanua ni insha ya utafiti.

Kwa wasioifahamu: skolashipu hii ilianzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986 kwa heshima ya Seneta Barry Goldwater wa Arizona. Hutoa hadi dola 7,500 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, walio mwaka wa pili au wa tatu, wanaolenga kuwa watafiti katika sayansi, hisabati au uhandisi. Anayetaka udaktari wa kutibu tu, bila utafiti, haimhusu. Raia wa Marekani anaruhusiwa kuomba, na mkaazi wa kudumu pia. Inaniuma kuona vijana wenye grinikadi wakijiengua wenyewe kwa kudhani ni ya raia peke yao. Huombi moja kwa moja. Chuo ndicho kinachokupendekeza, na kina nafasi nne tu, na ya tano kwa aliyehamia kutoka chuo kingine. Maombi hufungwa mwishoni mwa Januari, lakini mchujo wa chuoni hutangulia, kwa hiyo mtafute mapema anayeushughulikia chuoni kwako.

Sasa insha yenyewe. Haizidi kurasa tatu, na wengi huzimaliza wakisimulia kazi ya maabara nzima huku wao wenyewe hawaonekani. "Maabara yetu huchunguza jinsi bakteria wanavyokuwa sugu kwa dawa." Vizuri, na wewe ulifanya nini? Mwanafunzi mmoja wa baiolojia nilimbana kwa swali hilo hadi akaandika hivi: "Nilikuza bakteria katika viwango tofauti vya dawa. Kwenye kiwango cha kati, majibu yalibadilika kila niliporudia. Nilishuku kwamba sikuwa naanza na idadi ileile ya bakteria, nikawa napima ukungu wa kimiminika, unaoonyesha wingi wao, kabla ya kila jaribio." Hapo tunamwona mtu. Kaona kasoro, kakisia chanzo chake, kachukua hatua. Msomaji wa kamati anatafuta dalili kwamba huyu atakuja kuongoza utafiti wake mwenyewe, na dalili hiyo imo zaidi katika sentensi hizo chache kuliko katika orodha ndefu ya vifaa alivyojifunza kutumia.

Jaribio lililogoma usilifiche, mradi ueleze lilikufundisha kubadili nini.

Wanahisabati huniambia hawana cha kuonyesha kwa sababu hawana maabara. Wanacho! Eleza ulianza na hali gani rahisi, hoja ilikwama wapi ulipoondoa sharti fulani, na nini bado hakijathibitishwa. Swali ambalo bado liko wazi, likielezwa vizuri, lina uzito.

Barua za mapendekezo ni tatu. Profesa aliyekufundisha katika ukumbi uliojaa watu atarudia tu alama uliyopata, ambayo kamati inaiona tayari. Mwombe aliyekuona ukifanya kazi, hata kama jina lake si kubwa, na umpe rasimu ya insha yako pamoja na kumbukumbu fupi ya mambo mliyoyafanya pamoja. Hiyo si kumwelekeza cha kuandika. Watu hawa wana wanafunzi wengi, na wanashukuru kukumbushwa.

Kabla ya kutuma, mpe insha mtu wa fani nyingine aisome mara moja, kisha aiweke chini akuambie wewe binafsi uliamua nini katika utafiti huo. Akianza kukueleza habari za maabara, rudi ukaiandike upya.