Je, wajua kwa nini nyanya hupanda bei kila masika, na familia ipike nini badala yake?

Kama unaishi Dar hii umeshaiona mwenyewe. Ikifika mwezi wa nne unaenda genge na jero yako (shilingi mia tano) kama siku zote, unaomba fungu la nyanya, unapewa nyanya tatu ndogo ndogo na moja imeshaanza kulainika, halafu mwezi wa nane jero hiyo hiyo inakupa nyanya saba na mama wa genge anakuwekea na nyongeza bila hata kumwomba. Watu tunasema fungu bado ni jero kwa hiyo bei haijapanda, kumbe bei imepanda zaidi ya mara mbili ila imejificha kwenye ukubwa wa fungu. Ukitaka kuiona vizuri nunua kwa sado, ile ya kopo la rangi la lita 4, hapo hakuna kujificha.

Mimi swali hili lilinikaa sana kichwani kwa sababu nyumbani tuko sita na kila mwaka bajeti ya mboga ilikuwa inapasuka miezi ile ile, Machi mpaka Mei, na nilikuwa nadhani wafanyabiashara wanapandisha tu makusudi. Siku moja nikamuuliza mama wa genge, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina shamba, bei naikuta sokoni Ilala kama wewe unavyoikuta hapa. Muulize mvua." Basi nikaanza kufuatilia kweli, na jibu ni hili.

Bei ya nyanya unayoiona leo iliamuliwa shambani miezi 3 au 4 iliyopita. Mche unakaa kitaluni kama wiki 3 mpaka 4, ukihamishiwa shambani unahitaji tena siku 70 mpaka 90 hivi ndo uanze kuchuma. Kwa hiyo nyanya ya Aprili ilisiwa mwezi wa 12 au wa kwanza, na mkulima wa Ilula kule Iringa au wa Dumila au wa Lushoto alipokuwa anasia alishajua kwamba itaivia ndani ya mvua, na nyanya na mvua haviivi chungu kimoja. Majani yakikaa na unyevu muda mrefu na hali ya hewa ikawa ya ubaridi unaingia ukungu, ule wataalamu wanaouita bakajani chelewa, ukishaingia shamba linaweza kuwa kama limemwagiwa maji ya moto ndani ya siku chache tu. Mkulima inabidi apulizie dawa mara kwa mara, na mvua ikinyesha jioni dawa yote inaoshwa, anapulizia tena. Hela inatoka tu. Tunda nalo likipata maji mengi ghafla linapasuka, na lililopasuka halifiki Dar. Kwa hiyo wengi wanapunguza eneo la nyanya, shamba linawekwa mahindi au mpunga ambavyo mvua ni rafiki yao, na wale wachache wanaobaki na nyanya wanauza kwa bei inayofidia dawa zote zile.

Halafu kuna njia. Nyanya inatoka shambani kwenye barabara ya udongo, lori linanasa tope usiku kucha, zile zilizopangwa chini kwenye tenga zinabondeka na zile zilizolowa zinaoza njiani. Kinachotupwa njiani kinalipwa na kile kinachofika. Ndo maana hata mbegu zimetafutwa kwa ajili ya safari, kuna aina mbili maarufu sana hapa kwetu, Tanya na Tengeru 97, zilitolewa mwaka 1997, na wakulima walizipenda kwa sababu tunda lake ni gumu, linavumilia kukaa na kusafirishwa. Zile nyanya laini tamu za zamani ambazo wazee wanazisifia zilikuwa hazifiki mbali.

Sasa ikifika kipupwe, mwezi wa sita kwenda wa tisa, mambo yanageuka. Mvua imekata, mabonde bado yana maji ya kumwagilia, ukungu umepungua. Na kumbuka mwezi wa nne bei ilikuwa nzuri, kila mkulima akaiona, wote wakasia kwa pamoja, kwa hiyo zote zinaiva kwa pamoja. Soko linafurika. Hapo ndo unamkuta mkulima anauza tenga kwa hela isiyorudisha hata gharama ya dawa, wengine wanaziacha ziozee shambani, na inauma jamani, kwa sababu msimu unaofuata wale walioumia wanapunguza kulima na bei inaruka tena. Ni duara. Na usidhani kiangazi ndo salama kabisa, kuna yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, wakulima wanamwita kantangaze, kiwavi chake kinatoboa majani na tunda lenyewe, na yeye anapenda joto na ukavu.

Kwa hiyo hakuna mtu anayekaa mahali na kupandisha bei. Ni mvua, ukungu, barabara na wakulima wote kufuata bei ya jana.

Sasa hapa ndo kuna jambo ambalo mimi lilibadilisha kabisa jiko langu, na natamani kila mtu mwenye familia alishike: mvua ile ile inayoua nyanya ndo inayootesha mboga za majani. Masika nyanya ni ghali lakini matembele yametapakaa, majani ya maboga yapo, majani ya kunde, mlenda, mchicha wa porini ule unaojiotea. Unaenda sokoni unalalamikia nyanya na pembeni yako kuna mama amekaa na rundo la majani ya maboga anauza karibu na bure. Mchicha wa bustani wa mjini ndo una kisirani kidogo, ule wa mabondeni kama Msimbazi mvua ikipita kiasi bustani zinazama na unaadimika kwa wiki mbili tatu, ila nao ni mwepesi kukua, wiki 3 mpaka 4 tu tangu kusia unavunwa tena. Linganisha na nyanya ya miezi 4. Ndo maana bei ya mchicha inapona haraka na ya nyanya inachelewa.

Utasema sawa, lakini mboga bila nyanya inapikwaje? Hili ndo swali zuri. Jiulize kwanza nyanya inafanya kazi gani ndani ya sufuria. Inaleta uchachu, inaleta uzito wa mchuzi, inaleta rangi, na inaongeza ule utamu wa kukolea. Kazi nne, na kila kazi ina mtu mwingine anayeweza kuifanya. Uchachu unao kwenye ukwaju, ndimu, mbirimbi, au embe bichi. Samaki wa mchuzi wa ukwaju na nazi hana haja ya nyanya hata moja. Dagaa wakavu ukiwakaanga na kitunguu, ukakatia embe bichi vipande vyembamba, hapo watoto wanagombania. Uzito wa mchuzi unaletwa na tui la nazi au karanga za kusaga. Rangi inatoka kwenye karoti ya kukwaruza na bizari. Utamu wa kukolea, kitunguu ukikiacha kikaiva taratibu mpaka kikawa cha kahawia kinautoa mwingi tu, tatizo letu tunakikaanga dakika mbili tunamwagia nyanya.

Na kuna vyakula vyetu ambavyo havijawahi kuihitaji. Kisamvu cha nazi na karanga. Majani ya maboga ya karanga. Mlenda. Nyanya asili yake ni Amerika ya Kusini, bibi zetu wa zamani walikuwa na nyanya chungu, yaani ngogwe, za hapa hapa Afrika, na vyakula vyao vilikuwa vimekamilika. Kisamvu mimi nakisifia zaidi kwa sababu muhogo mizizi yake inakwenda chini, mvua ikikata unabaki na majani wakati bustani nyingine zimekauka, kwa hiyo masika kipo na kiangazi kipo. Ila kitwange vizuri na ukichemshe muda wa kutosha sufuria ikiwa wazi, majani yale yana sumu ya asili ambayo kutwanga kunaiachia na kuchemsha kunaipeperusha. Usikiharakishe.

Kwa upande wa matunda na wanga napo msimu unaongea, ukisikiliza tu. Mwezi wa 11 mpaka wa pili maembe yamejaa, hapo juisi ya paketi ya nini. Kuanzia mwezi wa sita machungwa ya Muheza yanashuka mjini kwa malori, na hapo kuna faida moja watu hawaijui, chungwa baada ya chakula cha maharage na mchicha linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani yale, kwa hiyo hayo machungwa sio ya anasa, ni sehemu ya mlo. Viazi vitamu vya Gairo ukipita barabara ya Dodoma katikati ya mwaka utaviona vimepangwa njia nzima, wiki hizo chai ya asubuhi nyumbani ni viazi vya kuchemsha na mkate unapumzika. Na zile mboga za majani zote tia mafuta kidogo au nazi, vitamini A iliyomo haichukuliwi vizuri na mwili kama hakuna mafuta kabisa, kwa hiyo kumchemshia mtoto mchicha na maji na chumvi tu ni kumpunja.

Hata dagaa wana msimu, ila wao msimu wao unafuata mwezi wa angani. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, wavuvi wengi wanapumzika siku hizo. Kwa hiyo kama unanunua dagaa wa kukaa navyo ndani nunua kipindi cha giza, wamejaa sokoni, sio wiki ya mbalamwezi.

Ninavyopanga sasa ni hivi. Zamani nilikuwa naandika menyu ya wiki nzima Ijumaa usiku halafu Jumamosi naenda kutafuta vitu vya menyu, na nikikosa nanunua kwa bei yoyote. Sasa hivi natoka na hela tu na maharage na mchele najua yapo ndani, nazunguka soko zima kwanza bila kununua chochote, naangalia kipi kimerundikana kwa kila meza, kwa sababu kitu kilichopo kwa kila muuzaji ndo kiko kwenye msimu wake na hakuna anayeweza kukulangua. Nachukua aina mbili za majani, moja ya kupika leo na kesho kama mchicha, nyingine inayovumilia kama kabichi au kisamvu kilichotwangwa naweka friji. Halafu ndo nakaa naandika menyu. Mboga inaandika menyu, sio mimi. Kitunguu tu ndo nanunua kingi kwa mara moja, kikiwa kimekaushwa vizuri na kikatundikwa mahali pa hewa kinakaa miezi, lakini kile kilichovunwa kwenye mvua chenye shingo mbichi kinaoza ndani ya wiki, kiminye shingoni kabla hujalipa.

Na nyanya za mwezi wa nane siziachi zipite. Nyanya karibu asilimia 94 ni maji, kwa hiyo ukichemsha sado mbili, ukasaga na blenda, ukarudisha jikoni moto mdogo mpaka maji yakauke unabaki na kitu kidogo kizito sana. Naweka kwenye vikopo vidogo vidogo, kila kikopo cha kupika siku moja, friza. Gesi inatumika ndio, mimi natumia mkaa wa mwisho wa jioni baada ya maharage kuiva. Kama huna friza zikate duara nyembamba, nyunyiza chumvi, anika kwenye ungo uliofunikwa na neti kwenye jua kali siku kadhaa mpaka zivunjike kama karatasi, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Majani nayo yanaanikwa, Wasukuma wana nsansa yao ya majani ya kunde na wanakula kiangazi chote, ila majani yachovye kwanza kwenye maji yanayochemka dakika chache halafu yaanike kivulini penye upepo, jua la moja kwa moja linaua vitamini A.

Wiki hii ninayoandika ni masika, mvua imenyesha toka Jumapili. Jana tulikula ugali na majani ya maboga ya karanga, leo ni wali na maharage ya nazi na kikopo kimoja cha nyanya za mwezi wa nane, kesho matembele na dagaa wa ukwaju. Genge leo fungu la jero lilikuwa na nyanya tatu. Sikuzinunua, nikachukua mafungu mawili ya matembele na ndimu.