Neema ni nini hasa? Sio mvua nzuri wala ahadi ya kanisani uliyomaliza kulipa

Huku Moshi mtu akikwambia mwaka huu ni wa neema ujue anaongelea mvua, migomba imebeba na mahindi yamekubali. Wala hajakosea, ndo Kiswahili chenyewe, neema ni shibe. Shida tunaingia nayo kanisani hivyohivyo, mtu kanunua gari anatoa ushuhuda wa neema, na yule aliyefulia anabaki anajiuliza ya kwake imeenda wapi.

Kwenye habari za wokovu neema ni kupewa usichostahili. Soma Warumi 6:23 taratibu uone Paulo alivyochagua maneno, dhambi ina mshahara, ila uzima wa milele ni karama. Mshahara unaudai, ukicheleweshwa unanuna. Karama unaidai kwa nani?

Chukua duka la Mangi. Deni lako kwenye daftari limefika elfu themanini, unga, sukari, vocha, mpaka umeanza kupita njia ya nyuma asikuone. Siku anakuita, anashika peni anapiga mstari ukurasa mzima. Hiyo ni rehema, hudaiwi tena ulichopaswa kudaiwa. Halafu anakupimia unga kilo tano na mafuta, anakwambia nenda kapike. Hapo sasa ndo neema. Na ule unga wa mwanzo haukuokotwa, hasara kaibeba Mangi mwenyewe, ndo maana huwezi kuongelea neema ukauruka msalaba.

Mimi ilinichukua muda kuelewa asee. Kwetu baada ya ibada kuna mnada wa vitu vya sadaka pale nje, kuku, mayai, parachichi, siku hiyo nikapandisha dau kwenye mkungu wa ndizi mpaka watu wakageuka, nikarudi nyumbani kifua mbele kama nimelipia kiti mbinguni. Kumbe yule mhalifu wa Luka 23, aliyesulubiwa pamoja na Yesu, hakuwa na bahasha ya sadaka, hakuimba kwaya, hakupata hata muda wa kurekebisha chochote, na bado akaambiwa leo hii utakuwa pamoja nami peponi.

Kwa hiyo tutende dhambi tu? Swali hilo Paulo aliliona mapema, Warumi 6, akajibu hasha. Waefeso 2 mstari wa 8 na 9 unasema tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, na wa 10 unaendelea hapohapo kwamba tuliumbwa tutende matendo mema, yaani matendo yapo ila yanakuja nyuma.

Wakatoliki na Walutheri wamebishania haya tangu enzi za Luther miaka ya 1500, ila mwaka 1999 kule Augsburg, Ujerumani, walisaini azimio la pamoja kwamba Mungu anatukubali kwa neema tu, si kwa mastahili yetu. Tofauti hazijaisha zote, ila kwa familia za huku, baba wa Machame kwa Walutheri, mama wa Kibosho kwa Wakatoliki, hiyo sio habari ndogo.

Mnadani bado nanunua. Jumapili iliyopita jogoo, elfu ishirini na tano, na mwenyewe kakonda.