Kuona mbali si sifa kila mara

Kiswahili kimetutega hapa. Mtu anayeona mbali ni mwenye busara, basi mzazi akiambiwa mwanawe "anaona mbali" hutoka kliniki kifua mbele. Kumbe jicho la mtoto ni fupi, au konea yake (kioo cha mbele ya jicho) ni bapa kidogo, na taswira inataka kutua nyuma ya retina (pazia la ndani linalopokea picha) badala ya juu yake, hivyo ya karibu humtaabisha. Tatizo likiwa kubwa, hata ya mbali hayaoni sawasawa.

"Kasoma herufi zote ukutani, macho mazima."
Katika kauli ninazosikia, hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Lenzi iliyo ndani ya jicho la mtoto ni laini, hujikaza na kuirudisha taswira mahali pake, kwa hiyo anaweza kusoma mstari wa chini kabisa huku ana plasi tatu (plasi ni kipimo cha tatizo hili, na cha miwani yake). Mpe daftari: baada ya ukurasa mmoja anasugua macho, kichwa kinamgonga, mwalimu anamwita mvivu. Wengine jicho huvutwa kuelekea puani, na mara nyingi miwani pekee hulinyoosha. Kwa kuwa lenzi huficha tatizo, mtoto hutiwa matone ya kuilegeza kabla ya kupimwa. Lakini si kila plasi inadai miwani. Watoto wengi huzaliwa nayo, ikapungua jicho linapokua.

"Ni mambo ya wazee."
Ya wazee ni mengine. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hukakamaa na ya karibu hufifia, hata kwa aliyekuwa na macho makali. Unachambua mchele, punje unaziona, kijiwe unakutana nacho mdomoni. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa 2006, uliwakuta zaidi ya nusu ya wenye miaka 40 kwenda juu wakiwa na shida hiyo.

"Ukizoea miwani macho yanalemaa."
Lenzi itakakamaa uvae usivae. Plasi moja ukiwa na 43 ikifika mbili na nusu ukiwa na 60, kilichopanda ni umri. Karoti kula, ila hazirefushi jicho. Miwani ya kusomea ya barabarani nayo haiharibu macho. Kasoro yake ni kwamba vioo vyote viwili vina namba ileile, na muuzaji hapimi presha ya macho.

"Bibi kapona, sasa anasoma bila miwani."
Hapo msishangilie. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza: katikati ya lenzi pamekuwa pazito, nguvu yake ikaongezeka, karibu pakang'aa na mbali pakafifia. Muulizeni kama bado anamtambua mtu aliyesimama getini.