Moto unaotoka nje ya tanuri haufui kisu

Kila mara napata picha ya tanuri dogo la gesi likitema ulimi wa moto wa urefu wa mkono, na chini yake swali lile lile: "Fundi, chuma kinaishia wekundu hafifu, nipandishe presha hadi ngapi?" Usipandishe. Huo moto unaouona nje ni gesi uliyoinunua ambayo haikupata hewa ya kutosha ndani. Imetoka mlangoni, ikakutana na hewa huko, ikaungua mahali pasipo na kisu.

Propani ikiungua yote, molekuli moja inakula molekuli tano za oksijeni. Hewa ina oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo lita moja ya propani inataka karibu lita 24 za hewa. Butani inataka kama 31. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba bana (kichomeo cha gesi) unayoiunda ni pampu ya hewa kwanza, mengine baadaye. Gesi inafyatuka kwenye kitundu cha jeti, yaani ncha nyembamba inayotoa gesi, inaiburuta hewa kupitia mdomo wa bomba, vinachanganyika njiani, vinawaka mwishoni. Hakuna feni. Nguvu yote ya kuvuta hewa inatoka kwenye mshale ule mwembamba wa gesi.

Sasa lifuatalo ndilo nimelieleza hadi nimechoka. Ukipandisha presha, gesi inaongezeka, na hewa inayoburutwa inaongezeka nayo. Uwiano wa viwili hivyo unabaki karibu pale pale. Bana yenye njaa ya hewa kwenye bar 0.5 itakuwa na njaa ile ile kwenye bar 1.5, isipokuwa mtungi utaisha mapema. Kinachoamua uwiano ni kipenyo cha kitundu cha jeti kikipimwa dhidi ya kipenyo cha bomba. Kitundu kikipungua au bomba likipanuka, kila lita ya gesi inavuta hewa zaidi. Kitundu kikikua, inavuta kidogo.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtu amechukua keekee na "kufungua jeti kidogo". Kutoka milimita 0.8 hadi 1.0 mkononi ni kama hakuna kitu, lakini eneo la kitundu limekua kwa asilimia 56. Gesi imeongezeka kwa zaidi ya nusu na bomba ni lile lile. Moto unakuwa mrefu, laini, wenye manjano, na mwenyewe anaamini amefanikiwa kwa sababu ameona moto mkubwa. Chuma hakijasogea hata rangi moja.

Tipu ya mashine ya kuchomelea ya MIG (ncha ndogo inayopitisha waya wa kuchomelea) ni jeti nzuri, kitundu chake ni laini na kimenyooka. Kwa bomba la nusu inchi wengi huanza na tipu ya milimita 0.6, kwa robo tatu ya inchi huanza na 0.9. Kumbuka kwamba namba iliyogongwa pale ni ya waya. Kitundu chenyewe ni kikubwa zaidi, maana waya lazima upite.

Kabla hujawasha, hakikisha jeti inalenga katikati. Fungua upande wa gesi, pitisha maji kwenye jeti, na utazame yanavyotoka upande wa pili wa bomba. Yakitoka kama uzi mmoja bila kugusa ukuta, uko sawa. Yakipiga ukuta na kutiririka, gesi nayo inapiga ukuta hapo hapo, na hakuna presha itakayoinyoosha. Legeza, pinda kidogo, jaribu tena. Halafu isogeze jeti mbele na nyuma milimita chache ukisikiliza: inapovuta hewa vizuri, mlio unabadilika kutoka kupumua kwa kukatakata hadi mngurumo mmoja uliotulia.

Michoro mingi ya bana imepimwa kwa propani. Mtungi wako ukiwa na butani nyingi, bana ile ile itakosa hewa kidogo, kwa hiyo shuka saizi moja ya tipu kabla hujaulaumu mchoro.

Kosa jingine ni kuziba mlango kwa matofali "ili joto lisitoke". Moshi usipopata njia unasukuma kurudi kwenye bana, na bana isiyo na feni haina nguvu ya kushindana nao. Acha nafasi.

Urefu wa bomba, vitabu vinasema mara nane au tisa ya kipenyo chake. Mimi naianzia hapo, lakini siichukulii kama sheria, maana bana fupi kuliko hiyo nimeziona zikiwaka safi. Koni ya mwishoni, yaani ncha ya bomba inayopanuka, nayo inazua ubishi. Bana ikiwaka nje ya tanuri, koni inaushika moto usiruke. Ndani ya tanuri, tundu la ukutani lililopanuka linaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Hata rangi ya moto siiamini sana: kuta zikishawaka rangi ya chungwa, jicho halitenganishi tena buluu na kijani. Hapo natazama chuma. Magamba mazito yanayorudi mara tu unapoyapangusa yanaonyesha hewa imezidi. Kwa kisu napenda gesi izidi kidogo tu, na ulimi mfupi mlangoni unatosha kunijulisha.

Ulimi huo maana yake kuna kaboni monoksidi, gesi ya sumu, kwa hiyo fanyia kazi mahali pa wazi. Bomba liwe jeusi, lisiwe la mabati, kwa sababu zinki ikichemka moshi wake ni sumu. Regulata iwe ya presha ya juu yenye geji. Ya jikoni usiichokonoe. Viungio vyote vipakwe povu la sabuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini, kwa hiyo moto utangulie ndipo ufungue koki. Mlipuko mdogo wa kurudia ndani ya bomba ukianza kuusikia, funga gesi.

Presha ina kazi yake: kuongeza moto ambao tayari unawaka vizuri. Bana moja ya robo tatu ya inchi inatosheleza chumba cha lita 5 hadi 6. Chuma kikipita nyuzi 770 sumaku inakiacha, na kufua unataka 1,000 na zaidi. Kama chumba chako ni cha lita 12, ongeza bana ya pili, au panga matofali yanayostahimili moto nyuma uzibe nusu usiyoitumia.